Plagi Nne za Ausi

Gerejini hakuna anayepiga hodi. Mwenye gari bovu huingia akiwa ameshaanza kulalamika, na mwenye shida ya spana huingia akiwa ameshaishika mkononi. Kwa hiyo asubuhi ile ya Mei, mwaka tisini na tisa, mwanamke alipoita hodi mara tatu nje ya banda lisilokuwa hata na mlango, mafundi wote waliinua vichwa kwa pamoja kama mbuzi waliosikia pikipiki.

"Karibu, mama," aliitikia Ignasi, mchomeleaji, akisukuma miwani yake myeusi hadi kwenye paji la uso. "Umeleta sufuria? Maana hapa Nachingwea nzima sufuria zikitoboka ni mimi."

"Sikuleta sufuria. Natafuta fundi anayesoma plagi."

"Basi umefika. Yule pale, chini ya lile trekta, miguu ndiyo hiyo unayoiona. Shule aliishia darasa la saba, lakini plagi anasoma hata zilizoandikwa Kiarabu."

Watu wakacheka. Miguu ikajivuta, halafu akatokea Bonifasi mwenyewe, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye mikono ambayo sabuni ilishaikatia tamaa. Alimtazama yule mgeni na hakumjua. Alikuwa mtu mzima kama yeye, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, na kwenye pindo la kanga yake lilikuwapo fundo zito kuliko fundo la hela.

"Pole ya safari, dada," alisema Bonifasi, kwa sababu ya lile vumbi. "Umetembea?"

"Nimetembea nusu, nusu nimepakiwa kwenye trela la mtu. Natoka Malolo." Hakutabasamu. Alichuchumaa, akafungua fundo, akatoa plagi nne za gari, akazipanga chini moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayepanga mayai. "Mimi shule sikwenda. Lakini nimeambiwa kuna fundi Nachingwea anaweza kuitazama plagi akajua injini iliugua nini mpaka ikafa. Nisomee hizi."

Hilo lilikuwa kweli, na Bonifasi alilipenda lisemwe. Alijifunza kusoma plagi kwa marehemu mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye karakana ya Waingereza wa karanga, enzi zile walipodhani watailima Nachingwea yote kwa trekta. Plagi hukaa ndani ya chumba cha moto, mzee alikuwa akimwambia, na huyaona yote yanayofanyika humo. Ikitoka nyeusi ina lake la kusema, ikitoka na mafuta ina lake, na ikitoka ya rangi ya kahawia kama ganda la korosho, injini ni nzima.

Aliokota ya kwanza, akaipuliza, akaigeuzia kwenye mwanga. Kauri yake nyeupe ilikuwa imenyunyiziwa madoa meusi kama pilipili manga, na kati ya madoa hayo zilimeta chembe ndogo sana za fedha. Aliokota ya pili. Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi, ncha yake imeyeyuka.

"Ignasi, njoo uone kitu," aliita. "Unaziona hizi zinazometa? Hiyo siyo fedha, ni pistoni. Pistoni ilikuwa inabanduka vipande vidogo vidogo na kuja kunata hapa." Akamgeukia mgeni, sauti yake ikiwa na ile raha ya mtu anayekijua anachokisema. "Dada, injini hii haikufa kwa kukosa maji, wala kwa kukosa oili. Ilikuwa inapigwa nyundo humu ndani. Kuna mtu aliibana kompresheni kupita kiasi, kile chumba cha moto amekifanya kidogo mno, halafu akaiacha na kemshafti yake ileile ya kiwandani na mafuta mabovu. Inawaka kabla haijaambiwa iwake. Unanielewa? Pistoni iko njiani inapanda, moto unaipiga utosini. Dereva hawezi kufanya hivi. Hili ni kosa la fundi."

"La fundi?"

"La fundi tu. Na huyo fundi aliyeitoa hii injini barabarani namna hii, alimpa mtu kaburi akalipaka rangi."

Ignasi aliguna kukubali. Mwanamke aliendelea kuzitazama zile plagi.

"Mimi naitwa Zena," alisema. "Dereva wake alikuwa Ausi, mdogo wangu. Wa pikapu ya Mzee Hassani."

Aliyekuwa akipiga bati nyuma aliacha.

Zena aliingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa kitu cha mwisho kilichofungwa kwa gazeti. Ilikuwa pistoni. Katikati ya kichwa chake palikuwa na tundu la kupita kidole gumba, na kingo zake zimelika kama mbao iliyoliwa na mchwa. Bonifasi hakuhitaji kuigeuza, lakini aliigeuza. Ndani yake, pembeni, palikuwa na nukta tatu zilizogongwa kwa ncha ya msumari. Hivyo ndivyo alivyoziwekea alama pistoni zake zote, ili ya tatu irudi tundu la tatu.

Ignasi alizitazama zile nukta, akamtazama Bonifasi, akarudisha miwani yake machoni ingawa hakuwa na cha kuchomelea.

---

Ilianza Desemba, msimu wa korosho. Mzee Hassani wa Ruangwa alikuwa na pikapu ya petroli iliyobeba abiria na mizigo kati ya Ruangwa na Nachingwea, na mwaka ule akatokea mtu wa Mtua na pikapu mpya iliyokuwa ikimpita milimani kila siku. Abiria wakaanza kumsubiri wa Mtua. Hassani akaja gerejini, akaketi juu ya tairi, akasema, "Fundi, nataka ile gari iwe na nguvu. Siyo kidogo. Nataka yule bwana aone vumbi langu."

Bonifasi alikuwa amengojea kuambiwa maneno hayo maisha yake yote. Miaka ishirini alikuwa akibadilisha pedi za breki na kuziba rejeta. Lakini rafiki yake Edwin, aliyejifunza naye kazi, alikuwa Dar es Salaam akitengeneza injini za magari ya mashindano, na katika barua zake alimweleza mambo ambayo Bonifasi alikuwa akiyasoma kitandani mpaka mkewe Dorotea anamuuliza kama barua imetoka kwa mwanamke. Kwamba injini ni kama nyumba ya watu watatu. Wa kwanza ni kompresheni, yaani jinsi hewa na petroli vinavyobanwa kabla ya kuwashwa. Wa pili ni kemshafti, ule mtaimbo wenye nundu unaofungua na kufunga milango ya valvu. Wa tatu ni mafuta. "Ukimpandisha mmoja," aliandika Edwin, "lazima uwaulize wenzake wawili."

Bonifasi akaisaga silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kwa mashine kuukuu ya wale Waingereza, milimita mbili nzima. Chumba cha moto kikawa kidogo, kompresheni ikapanda. Akamwandikia Edwin. Edwin akajibu haraka kwa mkono wa dereva wa basi: usiitoe hiyo gari na kemshafti ya zamani. Ile inafunga mlango mapema, kila kitu kinabaki ndani, na gari ikiwa na mzigo mlimani, polepole, itajinyonga. Nakutumia ndefu, inayochelewa kufunga, ili mwendo ukiwa mdogo pumzi nyingine itoke. Na uweke petroli safi, safi, nakuandikia mara mbili.

Kemshafti ikapakiwa basi mwezi wa Machi. Basi likafika Rufiji, mvua za masika zikafika nalo, na barabara yote ya kusini ikawa uji. Wiki ya kwanza Bonifasi alisubiri. Wiki ya pili Hassani alikuja mara nne.

"Yule wa Mtua anabeba abiria wangu, wewe umekaa unasubiri mtaimbo?"

"Mzee, bila ule haijakamilika."

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Inapanda mlima?"

Walikuwa wameijaribu, kwa petroli safi aliyokuwa ameitunza kwenye dumu. Ilikuwa imepanda mlima kama kitu kilichofukuzwa. Bonifasi hakuwa mtu wa kusema uongo, ila alijibu lile aliloulizwa tu. "Inapanda."

"Basi nipe gari yangu. Mtaimbo ukija utaweka."

Akaitoa. Kwa muda tu, alijiambia. Ausi alikuja kuichukua, kijana mchangamfu mwenye kofia ya balagashia iliyokaa upande, na Bonifasi akainama dirishani kumpa maelekezo huku Hassani, upande wa pili, akipiga honi kwa kutaniana na watu barabarani. Asiweke mafuta ya dramu, yale yanayochanganywa na mafuta ya taa. Atazame maji. Na jambo la mwisho ambalo Bonifasi alilikumbuka vizuri kwa sababu alikuwa amelifikiria usiku kucha, amwambie kwa namna gani.

Yule mzee wa karakana ya karanga alikuwa na neno lake kwa ule mlio wa hatari, ule mlio mwembamba wa njuga unaosikika injini inapojipiga. Hakusema inagonga. Alisema inaimba. "Ikiimba, toa mguu." Na mafundi wote aliowafundisha wakasema hivyohivyo, na kwao neno hilo liliogopwa kama jina la ugonjwa.

"Na hii, ukiibana mlimani, itaimba," Bonifasi alimwambia Ausi. "Uwe unaisikiliza."

Ausi alicheka kwa meno yote, akatia gia.

---

"Alirudi nyumbani siku hiyo hakai chini," Zena alisema. Walikuwa wamehamia nyuma ya banda, penye kivuli cha ukuta, wao wawili, Bonifasi akiwa ameshamwambia kwamba zile nukta ni zake. "Anatuambia, fundi kaniambia hii gari itaimba mlimani, na kweli, dada, inaimba! Abiria wakipanda nayo mlima wanapiga makofi. Wakaitungia na wimbo kabisa. Watoto wa Malolo wakawa wanacheza nao, mmoja anakuwa gari anaimba kwa mdomo, tsi-tsi-tsi-tsi. Mdogo wangu alikuwa akiona inakaribia kunyamaza anakanyaga zaidi, ili iimbe."

Bonifasi alitaka kusema kwamba kwa madereva neno hilo lina maana nyingine, kwamba gari linaloimba kwao ni gari lililokubali, na kwamba yeye alilijua hilo siku zote kama kila mtu anavyolijua. Alilijua, na hakulikumbuka kwa nukta ile moja aliyokuwa ameinama dirishani.

"Mafuta aliweka wapi?" aliuliza, ingawa aliona aibu kuuliza.

"Masika petroli ilikosekana huku na huku. Mzee Hassani akaleta dramu uani kwake. Shati la Ausi lilikuwa linanuka koroboi. Nilimfulia mimi, kwa sababu mkewe alikuwa ana homa."

Yaliyobaki Bonifasi aliyajua, kama wilaya zote mbili zilivyoyajua, na kama wao alikuwa ameambiwa injini ilikosa maji. Sabaha, binti wa Bi Hadija wa Malolo, alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Hospitali ya Ruangwa wakaona mtoto amelala vibaya, wakasema apelekwe Nachingwea upesi. Ausi akajitolea, akampakia na mama yake na mashangazi wawili. Mlimani, alasiri, gari ikiwa inaimba, injini ikapasuka. Ilipozimika breki zikawa ngumu kama jiwe. Ikarudi nyuma, ikaacha barabara, ikambana Ausi kati ya mlango na mti. Wanawake walitoka na michubuko. Sabaha alilazwa kwenye majani kando ya barabara, na damu ilikuwa inamtoka, na mvua ikaanza, na gari la kwanza kupita lilikuwa lile la wa Mtua, jua likiwa limeshazama. Sabaha alinusurika, lakini mtoto hakulia hata mara moja.

"Siku ya maziko," Zena aliendelea, "Mzee Hassani alisimama mbele za watu. Akasema anamsamehe marehemu, lakini gari lake limeuawa kwa kuendeshwa bila maji, kwa kutaka sifa. Amemsamehe! Tangu siku hiyo Bi Hadija akimwona mtoto wa Ausi kisimani anageuza ndoo yake anarudi nyumbani na kiu. Watu wanasema damu ya mtoto wa Sabaha iko juu ya Ausi. Wifi yangu yuko edani, hawezi kutoka akajibu. Mimi nikijibu wanasema dada mtu. Nilikwenda Ruangwa kwa Mzee Hassani kuomba koti la marehemu, nikakuta hivi vyuma vimetupwa karibu na choo. Nikasema, kama vinasomeka, nitamtafuta wa kuvisoma." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Sikujua kwamba ni wewe uliyeitengeneza. Nilijua fundi wa Nachingwea, sikujua ni yupi. Mungu ananiona."

"Najua."

"Arobaini yake ni Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wote watakuwapo. Njoo uwasomee, kama ulivyonisomea mimi kabla hujajua."

Kutoka upande wa pili wa ukuta ulisikika mlio wa bati ukirudi, polepole.

"Nitakuja," Bonifasi alisema.

"Usiniahidi kwa sababu umenionea huruma."

"Nitakuja, dada. Nitazisoma zote nne."

"Na lile neno. Usiliache lile neno."

"Na lile neno."

Zena alimwachia plagi na pistoni, akaondoka bila kunywa maji.

---

Siku ya Jumatano kemshafti ilifika. Utingo wa basi aliitupa mezani ikiwa imefungwa kwa magunia na magazeti ya Machi, na Bonifasi akaifungua peke yake. Haikuwa na kutu. Edwin alikuwa ameipaka grisi kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Nundu zake zilikuwa pana, na alipoushika na kuuzungusha ule mtaimbo viganjani aliweza kuhisi jinsi mlango ungekaa wazi, ukakaa wazi, halafu ukafungwa kwa wakati wake. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvishika. Aliketi nacho mapajani muda mrefu, na alijichukia kwa sababu moyo wake, pamoja na yote, ulikuwa unapiga kwa furaha.

Mzee Hassani alimkuta hivyo.

"Umeshapata? Hongera! Unaona mambo ya Mungu? Nimepata injini nyingine Masasi, kamilifu. Kesho nakuletea. Sasa utaitengeneza vile ulivyotaka wewe, bwana, sitakuharakisha. Petroli nitaagiza safi kutoka Mtwara." Aliketi juu ya tairi lilelile. "Nasikia kuna mwanamke alikuja hapa na vyuma."

"Alikuja."

"Na umealikwa arobaini."

"Nimealikwa."

"Mkristo unakwenda kufanya nini kwenye dua?" Alicheka, halafu hakucheka. "Fundi, sikiliza. Mimi siyo mtu mbaya. Nilinunua lile dramu kwa sababu kulikuwa hakuna petroli, na wewe uliitoa gari kwa sababu nilikusumbua. Sote wawili tulimpenda Ausi. Lakini Ausi amekwenda, na maneno ya watu hayamfikii huko aliko. Sisi bado tuko hapa. Ukisimama ukasema mambo ya hedi sijui nini, nani ataleta gari kwako tena? Ndugu za Sabaha watakuja na mapanga kwa nani, kwangu au kwako? Na hili banda lako," akaangalia juu kwenye mabati, taratibu, kana kwamba anayaona kwa mara ya kwanza, "kiwanja hiki unajua ni cha nani."

Bonifasi alijua. Kila mtu alijua.

"Fikiri tu," Hassani alisema, akainuka. Alimpiga bega kwa upole, na huo upole ndio uliomkaa Bonifasi moyoni kuliko vitisho.

Nyumbani Dorotea alimsikiliza mpaka mwisho akichambua mchele, hakuinua macho.

"Mwandikie huyo mwanamke barua, Baba Tabitha. Iandike yote, hata ukurasa mzima. Mtu atakwenda nayo."

"Hajui kusoma."

"Watamsomea."

"Nani? Malolo nzima hawaongei naye."

Dorotea alitupa punje nyeusi nje ya ungo. "Tabitha amebakiza mwaka mmoja amalize shule. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi kama unalijua, usinililie mimi. Nenda ukafanye ulichoahidi, lakini usitake nikuambie umefanya vizuri. Hilo sitakuambia."

---

Jumamosi alitoka na baiskeli kabla ya adhana, plagi nne kwenye mfuko wa shati, pistoni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye usukani. Ulikuwa mwendo mrefu, na mchanga uliobaki baada ya masika ulimlazimu kushuka na kusukuma kila alipotaka kwenda haraka. Alipofika mlimani hakupanda baiskeli hata kidogo. Alisukuma, akihesabu hatua, akisikiliza pumzi yake mwenyewe. Mahali penyewe palikuwa na vioo vidogo vidogo na mti uliochubuka gome. Mtu alikuwa ameweka mawe matatu kwenye majani kando ya barabara. Alivua kofia, akasimama, akaendelea.

Malolo alifika dua imemalizika na masinia ya pilau yanatoka. Wanaume walikuwa kwenye mikeka uwanjani, wanawake upande wa jikoni na barazani. Mzee Hassani alikuwa amepewa kiti.

"Wee!" mtani wa marehemu, mzee mwenye jino moja aliyejifunga kanga ya mkewe kiunoni, alimpokea kwa kelele. "Huyu naye? Amenusa pilau kutoka Nachingwea! Miguu ya kafiri inajua saa ya kula!"

Watu wakacheka, maana mtani ana ruhusa yake msibani. Bonifasi aliegemeza baiskeli kwenye ukuta. Alimwona Zena barazani, amesimama kando ya wenzake kwa nafasi ya mtu mzima mmoja kila upande. Mbele kabisa aliketi mwanamke mzee aliyejitanda kaniki, uso umekauka, na bila kuambiwa alijua kwamba huyo ni Bi Hadija.

Alimwendea shehe aliyesomesha dua, akamwamkia, akaomba ruhusa ya kusema jambo moja kuhusu marehemu. Shehe akasema aseme.

"Fundi, kula kwanza," Hassani alisema kutoka kitini. "Umechoka."

"Nitakula, mzee, nikishasema."

Akatoa plagi ya kwanza. Aliishika kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa njiani kusema kwa maneno ambayo mtu asiyewahi kufungua injini angeyaelewa, na akasema hivyo. Kwamba hiki kinakaa ndani ya moto na kinaona. Kwamba injini iliyokosa maji hutoka na rangi nyingine, na hii haina rangi hiyo. Akapitisha ya kwanza kwa watu waione, na ya pili, akawaonyesha chembe zinazometa, akawaambia ni nini. Ya tatu, iliyoyeyuka. Ya nne. Kisha pistoni, ikapita mkono kwa mkono, na wanaume wakaingiza vidole kwenye lile tundu.

"Ndani mtaona nukta tatu. Nimezigonga mimi. Injini hii niliibana mimi, kuliko ilivyoweza. Kuna chuma kilitakiwa kiwekwe ili ipumue, na hakikuwa kimefika, na mimi nilijua, na nikaitoa. Na petroli iliyowekwa ilikuwa na mafuta ya taa."

"Kaa chini," Hassani alisema.

"Ausi hakuua gari. Gari lilimuua Ausi. Na kuna neno." Alimtafuta Zena kwa macho. "Kuna neno nililomwambia. Sisi mafundi tunasema injini inaimba, tukiwa na maana kwamba inakufa, toa mguu. Nikamwambia itaimba. Sikumwambia maana yake. Yeye akadhani nimemsifia gari. Kila alipokanyaga, alikuwa akifanya nilivyomwambia."

Hassani alikuwa ameshasimama. Alipita karibu naye, akaongea kwa sauti ya chini, bila hasira, kama mtu anayempa mwenzake taarifa. "Kesho asubuhi uondoe vyuma vyako kwenye kiwanja changu. Jioni nitaezua." Akaenda zake, na vijana wawili wakamfuata.

Hakuna aliyecheka wala kugusa sinia. Ndugu wa kiume wa Sabaha, watatu, walikuwa wamesimama nao, na mmoja wao aliishika pistoni kana kwamba anaipima uzito. Bonifasi aliwaona. Hakuondoka mahali pake.

Bi Hadija aliinuka barazani kwa shida, akisaidiwa na ukuta. Alishuka akaja hadi mbele ya Bonifasi, akainua uso.

"Mimi Kiswahili changu si kizuri," alisema. "Na kule barazani tulipokaa hatukusikia yote. Mke wa Ausi yuko ndani, naye hakusikia." Akageuka, akamwita Zena kwa jina, akamwonyesha kwa kidole asogee, asimame pale karibu. Kisha akamgeukia tena fundi. "Rudia."

Bonifasi aliwatazama wale ndugu watatu. Akanyoosha mkono, wakamrudishia pistoni, na watu wakazirudisha plagi, moja, mbili, tatu, nne. Akasogea hatua chache hadi karibu na dirisha la chumba cha mjane. Akaishika ile ya kwanza, akapandisha sauti, akaanza upya.